Gari umeipamba, bima je?

Maswali ya wasomaji kuhusu vyombo vya moto

Nimebadilisha injini na kushusha gari. Bima kubwa italipa?

*Assalaamu alaykum. Nina miaka 21, naendesha Toyota IST ya mzee wangu. Kadi iko kwa jina lake na bima kubwa kaikata yeye. Injini ya 1.3 ilikufa, fundi akaniwekea ya 1.5. Baadaye nikakata springi na kutia rimu za 17. Watu wa bima hawajaambiwa chochote. Nikigonga, watalipa?*
Kijana wa Fuoni

Waalaykumu salaam. Kwa hali ilivyo sasa umewapa sababu zaidi ya moja za kukataa, na iliyo nzito kuliko zote ni injini.

Kampuni ilikubali kubeba hatari ya gari iliyoandikwa kwenye fomu ya maombi: namba ya chesisi, namba na ukubwa wa injini, matumizi, na nani ataiendesha. IST ya 1.3 hutoka kiwandani na injini ya 2NZ, ya 1.5 na 1NZ. Kwa macho zinafanana sana, lakini namba iliyochongwa kwenye bloku haifanani. Mthamini wa hasara akifungua boneti atailinganisha na kadi. Zikipishana, madai yako yanasimama hapo hapo, hata kama ajali yenyewe ni mtu kakugonga nyuma ukiwa umesimama, kwa sababu swali sasa ni kama gari hii ndiyo ile waliyoikatia bima.

Kwa hiyo anza na kadi. Tafuta risiti ya injini na maelezo ya maandishi kutoka gereji, gari ikaguliwe, kisha mzee, kwa kuwa ndiye mwenye kadi, aombe taarifa za injini zibadilishwe kwenye usajili. Kadi ikishatoka, apeleke nakala kwa kampuni ya bima pamoja na barua ya kueleza mabadiliko, na adai nyongeza ya mkataba iliyosainiwa. Wakala kukwambia kwenye simu "hapana neno" si nyongeza ya mkataba. Siku ya madai hataulizwa alichosema, litaulizwa faili.

Springi tunakuomba uzitoe, wala usihangaike kuzitolea taarifa. Springi ya kiwandani ncha yake imelazwa ili ikae sawasawa kwenye kikombe chake. Ukiikata kwa gurudumu la kusagia unaondoa ile ncha, inabaki imekaa upande. Gari ikipita tuta na tairi kuning'inia, springi fupi inaweza kutoka kwenye kikombe na kurudi vibaya. Tena springi iliyokatwa inakuwa ngumu zaidi kuliko ilivyokuwa, na shokapu ya zamani haiwezi kuizuia, kwa hiyo gari inadunda na tairi inapoteza mshiko kwenye kona. Mikataba ya bima huwa na sharti kwamba chombo kiwe kizima na kinachofaa barabarani, na springi iliyokatwa mthamini huiona bila hata kulala chini ya gari. Kama lazima gari ishuke, nunua seti iliyotengenezwa kwa ajili hiyo pamoja na shokapu zake, pima upya mwelekeo wa magurudumu, kisha toa taarifa.

Rimu ni jambo jepesi zaidi, ila hesabu ya tairi ifanyike. Tairi ya 185/65 R15 ina kipenyo cha takriban milimita 621. Ukitia 205/45 R17 unapata 616, tofauti isiyofika asilimia moja; hiyo ni sawa. Ukitia 205/65 R16 kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, unapata 673, zaidi kwa asilimia 8. Spidomita ikisoma 80 wewe uko karibu 87, na ukikata usukani mpaka mwisho tairi inasugua plastiki ya ndani ya bodi. Usizidi asilimia 3 juu au chini.

La mwisho ni umri wako, na hili mzee alisome mwenyewe. Mikataba mingi ina kiasi ambacho mwenye gari hubeba kwenye kila hasara, na kiasi hicho huongezwa dereva akiwa kijana, mara nyingi chini ya miaka 21 au 25, au akiwa na leseni changa. Kama fomu inasema dereva mkuu ni mzee na mtaa mzima unajua ni wewe, hiyo ni taarifa isiyo ya kweli, na ni nzito kuliko rimu. Aandike jina lako. Ada itapanda, lakini mtakuwa na bima mnayoweza kuidai.

Mwanangu anataka muziki mkubwa na taa kali

*Gari ni yangu, thamani yake kwenye bima ni milioni 12. Mwanangu ana miaka 19 na anataka kutia spika, ampi na rimu za gharama, pamoja na taa zenye mwanga mkali. Anasema hivyo si kitu cha kuwaambia bima.*
Mama wa Chake Chake

Mama yetu, ni kitu cha kuwaambia, kwa sababu mbili: wizi na moto.

Tuseme muziki na rimu vimegharimu milioni 3. Gari sasa ina thamani ya milioni 15 na bima inajua 12. Vikiibiwa, mikataba mingi hulipa vile tu vilivyokuja na gari au vilivyoorodheshwa. Ambacho hakikuandikwa ni hasara yako. Tena kama mkataba una kipengele cha uwiano, 12 juu ya 15 ni asilimia 80: ukipata hasara ya milioni 2 hata ya mlango tu, watalipa milioni 1.6, kisha watoe kile unachobeba mwenyewe. Sasa tazama gharama ya kusema ukweli. Kwa kiwango cha asilimia 3.5, ada ya nyongeza ya milioni 3 ni shilingi 105,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Peleka risiti na picha, viorodheshwe kimoja kimoja na bei yake.

Kuhusu moto, simama na fundi anapofunga. Ampi inayotoa wati 500 za kweli huvuta karibu ampia 48. Inahitaji waya wa shaba tupu wa milimita mraba 16 na fyuzi ya ampia 60, na fyuzi hiyo ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Mafundi wengi huiweka nyuma karibu na ampi kwa sababu ni rahisi, na hapo ndipo balaa linapoanza. Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya. Waya ukipita kwenye tundu la bati kati ya injini na ndani ya gari bila mpira wa kuukinga, bati linaukwangua taratibu, siku moja shaba inagusa bodi, na kipande chote kati ya betri na fyuzi hakina cha kukikata. Kagua pia waya wenyewe: wa bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba, ukikwangua kwa kisu ndani unakuta weupe. Waya wa ethi uwe na unene ule ule, rangi ikwanguliwe mpaka bati tupu, ufungwe kwa bolti, kisha upakwe grisi, maana chumvi ya bahari yetu hula viungo hivyo upesi.

Taa: balbu ya kawaida ya H4 ni wati 60 kwa 55, yaani 60 taa ikiwa juu na 55 ikiwa chini. Zile za 100 kwa 90 huvuta karibu ampia 8 pahala pa chini ya 5, soketi inayeyuka. Na balbu za HID (zile za gesi) ndani ya taa iliyotengenezewa balbu ya kawaida humwaga mwanga ovyo na kumpofusha anayekuja mbele. Akatae zote mbili. Mara nyingi kioo cha taa kikisuguliwa vizuri na waya zikitazamwa, mwanga unarudi.

Nina bima ndogo tu. Haya yananihusu?

*Kijana wa Mwanakwerekwe*

Yanakuhusu. Bima ndogo humlipa uliyemgonga. Gari yako hailipwi kwa vyovyote. Lakini kampuni ikimlipa majeruhi kisha ikagundua ulivunja masharti, inaweza kukugeukia wewe irudishiwe fedha yake, na fidia ya mtu aliyevunjika mguu ni kubwa kuliko bei ya gari nyingi za vijana. Pia hakikisha stika ya bima ni halali: ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA).

Mtoto wangu anasoma Uingereza

*Amenunua gari huko, akatia vioo vyeusi na ekzosi ya kelele. Bima yake ameandika baba mdogo ndiye dereva mkuu ili iwe rahisi.*
Mzazi wa Wete

Mzee wetu, jambo la baba mdogo lirekebishwe leo. Kampuni za huko hulihesabu kuwa ni udanganyifu. Kwa sheria yao ya mwaka 2012, mteja anatakiwa ajibu maswali ya bima kwa uangalifu. Akikosea kwa uzembe, malipo yanaweza kupunguzwa kwa uwiano: aliyelipa pauni 1,200 pahala pa 2,000 hulipwa asilimia 60. Akidanganya makusudi, bima hufutwa na ada hairudi. Vioo navyo vina kipimo: kwa gari iliyoanza kutumika tangu tarehe 1 Aprili 1985, kioo cha mbele kipitishe mwanga usiopungua asilimia 75, na vya pembeni mbele asilimia 70. Akapimiwe, na ekzosi aitaje kwa maandishi.

Escudo niliyoinyanyua, sasa nataka kuikodisha

*Nimeinyanyua na kutia kerea juu. Watalii wa Paje wanaiulizia. Bima ni ya matumizi binafsi.*
Kijana wa Jambiani

Usitoe funguo kwanza. Kukodisha ni matumizi mengine kabisa, na yana aina yake ya bima na ada yake. Mtalii akiipindua ukiwa na bima ya binafsi, hutalipwa hata kama hukubadilisha skrubu moja. Waombe bima ya gari ya kukodisha, na kwenye fomu hiyo hiyo andika umeinyanyua kwa sentimita ngapi na kerea inabeba kilo ngapi, kwa sababu gari iliyonyanyuliwa yenye mzigo juu hupinduka upesi zaidi kwenye kona. Wenye takaful (bima ya Kiislamu) nao wanauliza maswali hayo hayo. Kampuni ikikataa madai yako na unaona umeonewa, waombe sababu kwa maandishi, kisha upeleke lalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ukiwa na nakala ya fomu, nyongeza ya mkataba na risiti za fundi.