Kifuniko cha dawa kinachomshinda mama

Dada, umesema mama yako huacha chupa za dawa wazi kwa sababu kile kifuniko cha kubonyeza na kuzungusha kinamuumiza vidole, na sasa wajukuu wanakuja kukaa naye. Usimgombeze. Sheria ya Marekani ya 1970 iliyolazimisha vifuniko hivyo ilimfikiria mtoto, asiweze kuvifungua. Vipimo vya kuangalia kama wazee wa miaka 50 hadi 70 wanaviweza viliwekwa 1995. Mwaka 1984 mchumi W. Kip Viscusi alishaonya kwamba vinaweza kuwafanya wazazi wabweteke, na wengine wachoke na kuacha chupa wazi, kama mama.

Hata kikifungwa, si kufuli. Kifuniko hupita kipimo iwapo asilimia 80 tu ya watoto wameshindwa kukifungua kwa dakika 10. Hao wengine je?

Kwa kuwa mko Marekani, mwambie mama amwombe mfamasia kifuniko cha kawaida, sheria inaruhusu. Halafu dawa zote zikae kwenye kabati la juu lenye kufuli, ufunguo abaki nao mwenyewe. Na mikoba ya wageni pia ikague, humo ndimo dawa husahaulika.