Maswali ya Wasomaji: Samaki Wadogo wa Ziwa Kisiba

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu wawili hushuka kutoka Tukuyu kila Jumamosi kwenda kuvua kwa ndoana katika Ziwa Kisiba, ambalo wengine huliita Masoko. Samaki tunaowapata wengi hawazidi urefu wa kiganja, ingawa wazee wa pale hutusimulia habari za perege wa kujaza sinia. Je, samaki wakubwa wamekwisha? Na je, tukichanga fedha, tukanunua vifaranga vya sato na kuvimwaga humo, hatutakuwa na ziwa la kujivunia baada ya miaka miwili? — Msomaji, Tukuyu

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na swali lako la pili, kwa kuwa ndilo linaloweza kuleta hasara isiyorekebishika: tafadhali msimwage sato.

Ziwa Kisiba ni shimo la volkano lililojaa maji, lenye umri unaokadiriwa kuwa miaka 50,000 hivi. Upana wake ni kama meta 700 kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na kina chake kinakaribia meta 40. Hakuna mto unaoliunganisha na Ziwa Nyasa, hivyo samaki waliomo wameishi kama watu waliofungiwa ndani ya ua mmoja kwa vizazi vingi, wakizaana wao kwa wao. Watu wengi hulijua ziwa hili kwa masimulizi ya sarafu za Wajerumani zinazosemekana kutupwa humo, lakini kwa maoni yangu hazina yake kubwa ni hao samaki wa kiganja mnaowadharau. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba samaki mmoja wa jamii ya furu, ambaye wataalamu humwita Astatotilapia calliptera, yumo katika hatua za kugawanyika kuwa samaki wa aina mbili ndani ya ziwa hili hili. Wako wanaokaa kwenye maji ya kando, ambao madume yao ni ya rangi ya manjano, na wako wanaokaa chini kwenye giza, kina cha meta 20 na zaidi, ambao madume yao ni ya buluu iliyokolea. Mgawanyiko huo unakadiriwa kuanza kati ya miaka 500 na 1,000 iliyopita, muda ambao kwa mambo ya viumbe ni sawa na jana jioni.

Sato, ambaye kwao ni mito na maziwa ya kaskazini na magharibi mwa Afrika, hula karibu kila kitu, huzaana upesi, na huchanganya damu na perege wenyeji hata wakapotea bila mtu kutambua walipokwenda. Yaliyotokea Ziwa Victoria yanatosha kuwa funzo: baada ya sato na sangara kupandikizwa huko katika miaka ya 1950 na kuendelea, ngege, yule perege wa asili aliyekuwa kitoweo cha kila nyumba, alikaribia kutoweka ziwani, na leo hutafutwa katika vijiziwa vya pembeni ambako wageni hao hawakufika. Sato wameshaonekana katika baadhi ya maji yanayozunguka kaskazini mwa Ziwa Nyasa, kwa hiyo hofu hii si ya kubuni. Zaidi ya hayo, kuhamisha samaki hai kutoka maji mamoja hadi mengine bila kibali cha mamlaka za uvuvi ni kosa.

Sasa nirudi kwenye swali la kwanza. Kabla ya kusema samaki wakubwa wamekwisha, mnapaswa kujua ni samaki gani aliye kwenye ndoana, kwa sababu ninashuku kwamba wengi wa mnaowaita vifaranga vya perege ni wazee wa furu. Furu huyu hata akizeeka hapiti sana kiganja. Mgeuzeni na kutazama pezi la chini, lile lililo nyuma ya tundu la haja: dume la furu aliyekomaa huwa na madoa ya duara ya manjano yanayofanana na mayai. Kifaranga cha perege hana madoa hayo, bali ana doa moja jeusi kwenye pezi la mgongoni, upande wa nyuma, ambalo hufifia anapokua. Fanyeni ukaguzi huo kwa samaki 50 wa kwanza, nanyi mtakuwa mmejibu nusu ya swali lenu wenyewe.

Nusu ya pili inawahusu perege wenyewe. Mmoja wa perege wanaopatikana humo hutamia mayai mdomoni, na mama anapotamia hali chakula. Mwingine, yule mwenye kifua chekundu, hula zaidi majani ya majini na kutagia kwenye matundu anayochimba kandokando. Wote wawili wana tabia inayowachanganya wavuvi wengi: wakibanana mahali penye chakula kidogo, hawaachi kuzaa, bali huanza kuzaa wakiwa wangali wadogo, na nguvu ambayo ingejenga mwili huishia kwenye mayai. Ziwa la shimo la volkano lina kingo za mteremko mkali, kwa hiyo sehemu ya kina kifupi yenye majani na wadudu ni ukanda mwembamba tu unaozunguka maji, na hakuna mto wa kuleta rutuba kutoka mbali. Wavuvi wa nyavu wakiondoa wakubwa kila mwaka, wanaobaki kuendeleza ukoo ni wale wanaozaa wakiwa wadogo. Basi hata kama idadi ya samaki haijapungua, umbo lao linaweza kupungua, na mzee anayesimulia perege wa kujaza sinia huenda hasemi uongo hata kidogo.

Dawa yake si kuongeza samaki. Mkimpata perege mkubwa mwenye mayai au vifaranga mdomoni, lowesheni mikono, mtoeni ndoana taratibu na kumrudisha majini. Mle wa ukubwa wa kati na furu, ambao kwa kweli ni watamu wakikaushwa vizuri kwenye mafuta. Kisha nunueni daftari. Kila Jumamosi andikeni mmevua kwa muda wa saa ngapi, kwa ndoana ngapi, samaki wangapi wa kila aina, na urefu wa kila perege kwa rula. Watu watatu wakivua kwa muda wa saa nne na kupata samaki 24, hiyo ni samaki wawili kwa kila mtu kwa saa. Namba hiyo ikishuka mwaka hadi mwaka ilhali mbinu ni zilezile, hapo ndipo mtakuwa na haki ya kusema samaki wanakwisha. Daftari la namna hiyo lingepokelewa kwa furaha na ofisa uvuvi wa halmashauri, na hata na watafiti wa TAFIRI, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, walioko Kyela, maana kumbukumbu za wavuvi wa ndoana katika maziwa yetu madogo ni haba mno.

Kuhusu matarajio ya uvuvi wenyewe, msirushe mshipi mbali. Nimewaona vijana wakishindana kufikisha risasi, kile kizito cha mshipi, katikati ya ziwa, ambako perege hana shughuli yoyote. Tupeni meta chache tu kutoka ukingoni, kando ya majani, kwa ndoana ndogo na boya jepesi, mkitumia minyoo au ugali uliokandwa na pumba. Asubuhi na jioni ndio wakati mzuri, na miezi ya joto, Oktoba na Novemba, hushinda Juni na Julai, ambapo baridi humfanya samaki apunguze kula. Kambale naye yumo, lakini huyo ni mnyama wa usiku. Mtafuteni giza likishaingia, kwa utumbo wa kuku uliolazwa chini kabisa.

SWALI: Katika shamba letu Mufindi tuna bwawa ambalo zamani liliwekwa trauti. Kila wakiwekwa hukua vizuri, lakini hatujawahi kuona vifaranga. Tatizo ni nini? — Msomaji, Mufindi

JIBU: Bwawa lenu halina tatizo, linakosa kijito tu. Trauti hutaga kwenye changarawe safi inayopitiwa na maji baridi yanayokimbia, ili mayai yapate oksijeni muda wote. Kwenye tope la bwawa lililotulia mayai hufunikwa na kufa. Kama kuna kijito cha kudumu kinachoingia bwawani, kisafisheni na kumwaga changarawe ya ukubwa wa njugu hadi yai la kuku, na huenda mkawaona wakipanda. Kama hakipo, mtalazimika kupandikiza upya kila baada ya muda, kwa kibali. Angalieni pia joto: maji yakipita nyuzi 20 trauti huanza kutaabika, kwa hiyo msikate miti ya kivuli iliyo upande wa maji yanayoingia.

SWALI: Asubuhi moja tulikuta perege wengi wanaelea wamekufa kwenye bwawa la kijiji, Iringa Vijijini. Wengine wanasema ni sumu, wengine wanasema ni ugonjwa. Tutajuaje? — Msomaji, Iringa

JIBU: Watazameni kambale. Kambale huweza kuvuta hewa ya juu, hivyo oksijeni ikiisha majini usiku, hasa baada ya siku za mawingu au pale maji ya chini yanapopinduliwa na upepo wa baridi, perege hufa na kambale hubaki hai. Ikiwa kambale, vyura na wadudu wa majini nao wamekufa, shukuni sumu, iwe utupa, mmea wenye sumu ya samaki, uliopondwa na wavuvi wavivu au dawa ya shambani iliyosombwa na mvua. Wakati wa kifo nao husaidia: vifo vya kukosa oksijeni hutokea alfajiri na kupungua jua likipanda, lakini vya sumu havichagui saa. Katika hali ya shaka watu wasile samaki hao na ng'ombe wasinyweshwe hapo. Jazeni maji kwenye chupa safi siku hiyohiyo, wekeni samaki wawili watatu kwenye barafu, na mpelekeeni ofisa uvuvi wa wilaya kabla ya jioni, kwa kuwa samaki aliyeoza hawezi tena kuonyesha kilichomuua.