Mizani niliyoipeleka darasani

Mwaka wangu wa pili wa ualimu niliingia darasa la nne nimebeba mizani ya nyumbani. Mada ya sayansi ilikuwa mwili na afya, nami nikaona watoto wajipime, wajaze jedwali, tuchore grafu. Wakapanga mstari. Kila aliyepanda nilisoma namba kwa sauti, na mwenzake akaiandika ubaoni. Ilipofika zamu ya kijana mmoja, darasa zima lilinyamaza kumsubiri, kisha likaangua kicheko. Kufikia mapumziko jina lake lilishakuwa Bonge.

Kicheko kiliisha siku ileile, jina likabaki. Mtoto aliyekuwa golikipa wa darasa akaanza kushinda ndani saa ya mapumziko, karibu na dirisha, na pakiti yake ya biskuti. Nilitaka apungue, nikamnyima kitu pekee kilichokuwa kikimtoa jasho.

Tangu hapo nimefundisha shule tatu. Mwalimu au mzazi wa kamati ya shule akiniuliza aanzie wapi kuzuia unene wa kupindukia, namwambia amwache mtoto kwanza, aikague shule. Chukua daftari, kaa siku moja, andika kila kitu kitamu kinachomfikia mtoto bila yeye kukitafuta. Orodha yangu ya kwanza ilinitia aibu, kwa sababu mwanzoni kabisa nilikuwepo mimi na pipi za kumzawadia anayejibu swali. Zikafuata keki za kuzaliwa. Darasa lenye watoto 40 halikosi sherehe karibu kila wiki ya masomo. Halafu kantini.

Pipi zilikuwa rahisi kuziacha. Watoto wanagombania kubeba rejista au kuchagua mchezo wa Ijumaa kwa hamu ileile. Kwenye keki tulikubaliana na wazazi tusherehekee mara moja kwa mwezi, wote waliozaliwa mwezi huo pamoja.

Soda ndiyo iliyotuchosha. Kopo la mililita 330 lina takriban gramu 35 za sukari, karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya kwenye juisi na asali, isifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto anayekula kilokalori 1,600 hiyo ni gramu 40, kwa hiyo kopo moja limekaribia kuimaliza hata kabla ya chakula cha mchana. Ubaya wa sukari ya kunywa ni kwamba haishibishi. Mtoto atakula kama kawaida juu yake.

Ukipiga marufuku soda bila kuweka kitu badala yake, watoto wataileta kwenye mikoba. Katika miji ya Dortmund na Essen, Ujerumani, watafiti waliweka mabomba ya maji ya kunywa katika shule za msingi, wakawapa watoto chupa na vipindi vichache vya kuzungumzia maji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: baada ya mwaka mmoja wa masomo, hatari ya uzito kuzidi ilikuwa chini kwa karibu theluthi moja ikilinganishwa na shule ambazo hazikufanyiwa kitu. Kwetu bomba lilikuwepo, ila lilikuwa nyuma ya vyoo, na nani atakunywa pale? Tulilihamisha, tukaruhusu chupa ya maji juu ya dawati. Walimu wenzangu walilalamika kwamba ruhusa za msalani zingetumaliza. Ni kweli, kwa wiki mbili hivi. Mimi nilitakiwa kuondoa soda yangu mezani, jambo lililonichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Upande wa mazoezi, watoto wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 kwa siku za kujishughulisha mpaka moyo uende mbio. Kabla ya kuongeza vipindi, tazama mnavyovipunguza. Sisi tulikuwa tukiwafungia ndani saa ya mapumziko wasiomaliza kazi, na karibu kila siku walikuwa walewale wasiotulia, waliohitaji kukimbia kuliko wote. Tazama pia michezo ya kutolewa: anayeguswa anakaa pembeni. Asiye na mbio hutolewa wa kwanza, akamaliza kipindi ameketi. Mwaka 2012 mwalimu mkuu mmoja huko Stirling, Scotland, alianza kuwatoa wanafunzi nje dakika 15 kila siku, kila mtoto akikimbia au kutembea kwa kasi yake, na sare yake mwilini, bila mshindi. Tuliiga, na nilichokipenda ni kwamba hapakuwa na wa mwisho wa kuchekwa.

Usingizi wengi husahau: mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala jumla ya saa 9 hadi 12 kwa siku, na simu isilale kitandani na mtoto.

Kuhusu kupima, kazi hiyo mwachie mhudumu wa afya, mlango ukiwa umefungwa. Mtoto hasomwi kwa namba za watu wazima. Uzito na urefu wake hulinganishwa na chati ya umri na jinsia yake. Wengi hawahitaji hata kupungua, inatosha kilo zisipande haraka wakati wanaendelea kurefuka. Kwa hiyo usimpe mtoto wa shule mlo wa kukonda kwa akili yako. Wala usiandike barua ya "mwanao ni mnene". Niliwahi kutamka neno hilo mbele ya mama mmoja, akalia, akaanza kunihesabia anavyoamka alfajiri kumwandalia mtoto chakula. Siku hizi nawaeleza wazazi wote kwenye kikao shule inabadilisha nini, kisha naomba jambo moja tu nyumbani kwa muhula huo, kama vile maji mezani badala ya soda.

Yule kijana nilimwomba radhi miezi mitatu baadaye, tukiwa wawili. Akasema, "Sawa, mwalimu," macho kwenye viatu vyake. Golini hakurudi mwaka ule.