Mfuko wa 2050 kwa Anayetaka Kurudi Tanga Mapema

SWALI: Ndugu Mhariri, nina umri wa miaka 41 na ninafanya kazi ya uuguzi mjini Columbus, Ohio. Mwajiri aliponiandikisha katika 401(k), yaani mpango wa kuweka akiba ya kustaafu kupitia mwajiri, akiba yangu ya uzeeni iliingizwa yenyewe katika mfuko wenye jina linaloishia na 2050. Wenzangu wananihimiza nihamishie nusu katika mfuko wa hisa tupu. Nakusudia kurejea Tanga nikitimiza miaka 60. Je, niuache mfuko huu au niuhame?

JIBU: Ndugu msomaji, hoja ya wenzako ni nyepesi, lakini hoja ya Tanga ni nzito. Tangu sheria ya pensheni ya 2006 na kanuni zilizoifuata, waajiri wa Marekani wameruhusiwa kumweka katika mfuko wa namna hii mfanyakazi ambaye hakuchagua chochote. Ndani yake mna hisa na hatifungani (mikopo yenye riba kwa serikali au kampuni), na kadiri mwaka ulioandikwa, yaani mwaka unaokadiriwa kustaafu, unavyokaribia, msimamizi hupunguza hisa na kuongeza hatifungani bila wewe kuhangaika. Katika mifuko ya kampuni ya uwekezaji ya Vanguard, kwa mfano, kijana huwa na takriban asilimia 90 katika hisa; mwaka wenyewe ukifika hubaki karibu nusu, na upunguzaji huendelea kwa miaka kama saba hadi asilimia 30 hivi.

Sasa pima ushauri wa wenzako kwa viwango hivyo. Ukigawa nusu kwa nusu leo, hisa zako zitapanda kutoka 90 hadi 95 kwa mia, tofauti ambayo hutaihisi. Lakini ukiudumisha mgawanyo huo hadi 2050, utastaafu ukiwa na 75 kwa mia katika hisa, wakati mfuko ulikuwa umekupangia 50. Waliokaribia kustaafu mwaka 2008, soko la hisa lilipoporomoka, wanaelewa maana yake: mifuko iliyoandikwa 2010 ilipoteza kwa wastani karibu robo ya thamani, na mmoja ulipoteza zaidi ya asilimia 40, ilhali mingine yenye mwaka ule ule ilipoteza chini ya asilimia 10. Mwaka ulikuwa mmoja, kiasi cha hisa ndicho kilichotofautiana, na ndicho cha kukagua kwanza. Kagua ada pia, kwa kuwa asilimia 0.08 ni dola 8 kwa mwaka katika kila dola 10,000, na asilimia 0.75 ni dola 75.

Kuhusu Tanga, mfuko wa 2050 umekukadiria kustaafu ukiwa na miaka 65 hivi. Kwa mipango yako, ule wa 2045 unakufaa zaidi. Ukiwa na miaka 60 utakuwa umevuka umri wa 59 na nusu, kwa hiyo hutatozwa adhabu ya asilimia 10 ya kutoa akiba mapema, ingawa kodi ya mapato itabaki. Na kwa kuwa Marekani na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato, muone mtaalamu wa kodi kabla ya kuondoka. Ikiwa sehemu ya fedha ni ya kujengea nyumba mara tu ukifika, nakusihi usiitegemee katika mfuko huu, kwa sababu nusu yake bado itakuwa katika hisa, na fundi hatasubiri soko lipande.

Iombe ofisi ya utumishi waraka wa maelezo wa mifuko yote miwili uilinganishe. Kuhama kutoka mmoja kwenda mwingine ndani ya 401(k) hakutozwi kodi.