Daftari Kabla ya Miche

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilitutaka wasomaji tueleze iwapo shule na wakazi wa kando ya mto wanaweza kweli kuurudishia uhai wake, au kazi hiyo ni ya serikali peke yake. Mimi ni mwalimu wa sayansi, na jibu langu ni kwamba wanaweza kuchangia sana, ila mara nyingi huanzia pasipofaa: huokota taka siku moja, hupanda miche, hupiga picha, kisha hutawanyika bila mtu yeyote kujua kama mto umepata nafuu.

Ningeanza na jiwe. Mwanafunzi akiinua jiwe lililolala penye mkondo, akalisuuza ndani ya beseni jeupe lenye maji kidogo na kusubiri tope litulie, viumbe waliokuwa wamejishikiza chini yake huanza kujitokeza. Akiona mabuu bapa wenye mikia mitatu myembamba kama nywele, na vijitamvua vya kupumulia vikipepea ubavuni, hiyo ni dalili njema, kwa maana wengi wa jamii hiyo hawavumilii maji yaliyopungukiwa na oksijeni. Akikuta karibu wote ni mabuu wekundu wanaojinyonganyonga topeni, basi kuna walakini, kwa sababu wekundu huo ni wa himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, inayowawezesha kuishi pale ambapo wengine wangekosa pumzi. Kipimo cha kemikali hueleza hali ya maji ya saa ile tu, lakini mdudu aliyekaa mtoni kwa miezi huonyesha pia athari za usiku ule ambao mtu alifungulia majitaka kwa siri.

Beseni moja halitoshi, bila shaka. Inafaa kupima upande wa juu wa mto kutoka mahali panaposhukiwa kutoa uchafu, na upande wake wa chini, siku ileile, na kurudia katika kila msimu, huku joto la maji likiandikwa pamoja na idadi ya viumbe. Joto si jambo dogo: maji baridi yasiyo na chumvi, yakiwa na nyuzijoto 20, huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ilhali yakifikia nyuzijoto 30 uwezo huo hushuka hadi kama 7.5. Ndiyo maana kivuli cha ukingoni kina thamani, ingawa si kila mti unafaa. Mikaratusi, kwa mfano, hunywa maji mengi mno, na matete au nyasi za asili hushika udongo na kuchuja mbolea inayotoka mashambani vizuri zaidi kuliko safu ya miti iliyopandwa kwa haraka.

Hata hivyo, tusiwadanganye watoto kwamba miche itaponya kila kitu. Mwaka 1957 wataalamu wa makumbusho ya historia ya asili ya London walitangaza kwamba mto Thames, katika sehemu ipitayo mjini, ulikuwa umekufa kibayolojia, na mwaka 1974 samaki aina ya samoni akapatikana humo tena. Kilicholeta mabadiliko hayo hasa ni kupanuliwa na kuboreshwa kwa mitambo ya kusafisha majitaka, kazi ambayo hakuna darasa linaloweza kuifanya kwa majembe na glavu. Linachoweza darasa ni kuonyesha, kwa takwimu za miaka mitatu au minne, kwamba viumbe hutoweka kuanzia chini ya bomba fulani, na wakazi wakaingia katika ofisi husika na jedwali mkononi badala ya malalamiko matupu. Mkubwa huweza kuyapuuza malalamiko, lakini jedwali lenye tarehe humlazimu ajibu.

Shule ina faida ambayo vikundi vingi vya kujitolea havina: kila mwaka huja wanafunzi wapya wa kuendeleza vipimo palepale. Sharti ni kwamba daftari likae maktabani na nakala yake ofisini, si kwenye mkoba wa mwalimu, kwa sababu walimu huhamishwa, nami nimewahi kuona kazi ya miaka mitatu ikiondoka na mmoja wetu bila mtu kutanabahi hadi msimu wa kupima ulipofika tena.