Kava la Kitambaa la Skrini: Forodha Wanaliita Kompyuta au Nguo?

SWALI: Habari za kazi. Nataka kuagiza makava ya kufunikia skrini za kompyuta, ni poliesta iliyoshonwa tayari na ina mifuko pembeni ya kuweka kalamu na karatasi. Wakala wangu anasema atayaingiza kama vifaa vya kompyuta, wakala mwingine ananiambia hapana, hiyo ni bidhaa ya nguo na ushuru wake uko juu. Nimsikilize nani? Maana kava lenyewe halina kazi nyingine zaidi ya kukaa kwenye kompyuta.

JIBU: Msikilize huyo wa pili ndugu yangu, na uwe makini hapa kwa sababu ushuru ukija kukokotolewa upya mzigo ukiwa umeshafika, bili inakuja kwako muagizaji.

Naelewa kwa nini wakala wako anavutwa huko. Kompyuta na vipuri vyake nchi nyingi zimeviondolea ushuru kupitia ule mkataba wa bidhaa za teknolojia ya habari wa 1996, ulio chini ya Shirika la Biashara Duniani, wakati bidhaa za nguo sehemu nyingi bado zinatozwa kiwango kikubwa, kwa hiyo kila mwenye kitambaa kinachogusa kompyuta anatamani kiitwe kompyuta. Lakini forodha hawaanzii na kitu kinakaa wapi, wanaanza na maneno ya kifungu pamoja na maelezo ya sehemu na sura, hiyo ndo Kanuni ya 1 ya kutafsiri HS, ule mfumo wa Shirika la Forodha Duniani wa kupanga bidhaa kwa namba, kwenye sehemu, sura na vifungu, unaotumika tangu 1988.

Sasa twende taratibu. Skrini ya kompyuta ikiuzwa peke yake iko kifungu namba 8528. Vipuri vyake viko 8529, na hicho kifungu kinasema vipuri tu, vikorombwezo, yaani vitu vya nyongeza, hakivitaji kabisa. Kipuri ni kitu ambacho skrini inakihitaji ili ifanye kazi, kava lako ukilitoa skrini inawaka vizuri tu na ukiliacha huoni hata kilichoandikwa, kwa hiyo hapo halipiti.

Nadhani wakala anafikiria 8473. Hicho kweli kinataja vikorombwezo vya kompyuta, na kama kava lako ni la zile kompyuta ambazo skrini na mashine ni kitu kimoja, zile zinazoingia 8471, mtu anaweza kuona kabisa kwamba mlango upo. Mwambie asome mpaka kwenye mabano: vipuri na vikorombwezo, isipokuwa makava, mikoba ya kubebea na vitu vya namna hiyo. Imeandikwa wazi, hata maelezo ya pembeni huhitaji, na mimi inanisikitisha kuona watu wanaofanya hii kazi kila siku wanayaruka hayo mabano halafu mteja ndo anaumia.

Basi tunarudi kwenye kitambaa. Poliesta iliyokatwa na kushonwa ikawa kitu kamili inahesabika kuwa bidhaa iliyokamilishwa kwa mujibu wa maelezo namba 7 ya Sehemu ya XI, ile ya nguo na vitambaa, na kwa kuwa hakuna kifungu kingine kinachoitaja inaenda 6307, ndani yake 6307.90. Hizo namba sita ni zile zile kwa kila nchi inayotumia HS, zinazoongezwa baada ya hapo ni za nchi yenyewe. Mifuko ya kalamu haibadilishi kitu.

Kuna kitu kimoja ila uulize kiwandani kabla hujalipa, kama kitambaa kimepakwa plastiki. Kikipakwa upande mmoja kwa kawaida kinabaki nguo, lakini kikifunikwa chote pande zote mbili na plastiki inaonekana kwa macho, maelezo namba 2 ya Sura ya 59 yanakitoa kwenye nguo kinakuwa plastiki, na kava lake linaenda 3926.

SWALI: Na vile vitambaa vidogo vya kufutia skrini je?

JIBU: Vikiwa vikavu ni 6307.10, vitambaa vya kusafishia. Zile za kutupa ambazo hazikufumwa na zimelowekwa sabuni ni habari nyingine, angalia 3401.

SWALI: Mimi nina mikoba ya kitambaa ya kubebea skrini, ina mkanda wa begani. Nayo ni Sura ya 63, ile yenye 6307?

JIBU: Hapana, hiyo ni 4202. Najua Sura ya 42 inajulikana kama ya ngozi, ila majina ya sura ni ya kukuelekeza tu hayana nguvu ya sheria, na 4202 inapokea mikoba ambayo nje yake ni kitambaa.

SWALI: Nitapataje uhakika kabla mzigo haujatoka?

JIBU: Omba forodha ya nchi yako uamuzi wa awali, kwa maandishi, kwamba bidhaa yako inaingia kifungu gani. Mkataba wa kurahisisha biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika Februari 2017, unazitaka nchi wanachama zitoe huo uamuzi, na ukishatolewa forodha yenyewe inatakiwa kuufuata. Peleka sampuli, picha kava likiwa limevalishwa, asilimia ya kila uzi, na kama kuna plastiki sema iko upande mmoja au pande zote mbili, maana ukiandika tu "kifaa cha kompyuta" watakurudishia maombi wakuulize hayo hayo.