Mhusika Mwenye Dosari katika Riwaya ya Kutisha

SWALI: Mhariri, shikamoo. Ninaandika riwaya ya kutisha inayotokea Uingereza mwaka 1865, enzi za yule Malkia Victoria ambaye ziwa letu lilipewa jina lake. Mhusika mkuu, mke wa tajiri, ni mwongo na huiba barua za wifi yake. Wenzangu wananishauri nimsafishe ili apendwe. Nifanyeje?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Marahaba. Usimsafishe hata kidogo. Jumba kuukuu na milango iliyofungwa havitishi vyenyewe. Kinachotisha ni msomaji kutojua kama anayemsimulia anaaminika, na mwongo wako amekwisha kukupa hofu hiyo.

Kazi iliyobaki ni kuufanya uongo wake ueleweke. Mwaka huo wa 1865, kwa kawaida fedha za mwanamke wa Uingereza zilikuwa za mumewe mara tu walipofunga ndoa, na hadi sheria ya mwaka 1882 ndipo mke alipopata haki kamili ya kumiliki mali yake. Kwa hiyo barua inayotaja urithi ni jambo la kufa na kupona kwake. Mwonyeshe akiishika bahasha juu ya mvuke wa birika, gundi ikilegea, masikio yake yakifuatilia nyayo za mtumishi ngazini. Hapo wasomaji watamwombea asikamatwe, ingawa wanajua anakosea.

Wizi huo lazima umuumize mtu, hasa wifi. Nakusihi pia usimlize kwa toba katika sura ya mwisho ili kuwaridhisha wenzako.